Kuandaa mradi unaoweza kupata ruzuku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na vikundi vya mwambao wa Ziwa Victoria

Majibu haya yametokana na maswali ambayo nimekuwa nikiulizwa na viongozi wa vikundi vya Ilemela, Magu, Sengerema na Ukerewe, mkoani Mwanza, katika miaka niliyofanya kazi ya kuwasaidia kuandaa miradi. Wengi huja wakiuliza namna ya kuandika. Ukweli ni kwamba mradi hukubaliwa au kukataliwa kwa sababu ya mambo yaliyofanyika, au yaliyoachwa, miezi kadhaa kabla ya mtu yeyote kushika kalamu, na ndiyo maana andiko lenyewe la mradi nimelizungumzia katikati badala ya mwanzoni.

Ruzuku inatofautianaje na mkopo wa halmashauri?

Ruzuku hairejeshwi, ila hutolewa kwa kazi maalumu iliyotajwa kwenye mkataba, na ikitumika kwa kazi nyingine mfadhili ana haki ya kuidai. Fedha zinazotengwa na halmashauri kutokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo usio na riba. Utaratibu huo ulisitishwa mwezi Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na bado kuna vikundi vinavyoamini kuwa ni zawadi ya serikali. Si zawadi. Biashara inayozalisha faida haraka, kama vile kununua na kuuza samaki, inafaa zaidi kwa mkopo. Ruzuku inafaa kwa jambo lenye manufaa kwa watu wengi kuliko wanachama peke yao, au kwa kitu ambacho hakuna benki ingekubali kukikopesha.

Tuanze na mfadhili au tuanze na wazo?

Anzeni na tatizo, halafu wazo, na mfadhili awe wa mwisho. Najua ushauri huu ni mgumu kuufuata, kwa sababu tangazo la fedha huja na tarehe ya mwisho na kila mtu hukimbilia kuiwahi. Lakini kikundi kinachotengeneza mradi kwa kufuata matangazo huwa na mradi wa nyuki mwaka huu, wa jinsia mwaka ujao na wa mabadiliko ya tabianchi mwaka unaofuata, na anayesoma maombi hayo hutambua mapema kwamba hakuna hata mmoja ulio wao kweli.

Nitoe mfano ninaoujua kwa karibu. Katika mwalo mmoja wa Ukerewe, yaani mahali mitumbwi inaposhushia samaki, nilikaa na akina mama wanaonunua dagaa wabichi alfajiri, mitumbwi inaporudi, na kuwaanika juu ya mchanga. Waliniambia kuwa shida yao ni mtaji. Tulipoulizana kwa nini mtaji unakatika kila mara, jibu lilikuwa bei ndogo. Kwa nini bei ni ndogo? Kwa sababu dagaa wao wana mchanga, na mnunuzi wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, anajua kupekua gunia kabla ya kutaja bei. Kwa nini wana mchanga? Kwa sababu wanaanikwa chini. Nikauliza inakuwaje wakati wa masika, na mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa kwa ufagio akajibu bila kuinua kichwa: "Mwalimu, mvua ikitukuta dagaa wako chini, jioni hatuna dagaa tena, tuna chakula cha kuku."

Jibu lake lilibeba mlolongo mzima wa tatizo. Dagaa waliolowa hubadilika rangi na kuanza kuoza, huuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo kwa bei ya kutupa, na mwenye mali huanza wiki inayofuata kwa kukopa. Kama kikundi kile kingepewa mtaji zaidi, mtaji huo ungepotelea mchangani kama ule wa kwanza. Walichohitaji ni vichanja vilivyoinuliwa juu ya ardhi, maturubai ya kufunika kwa haraka, na ghala dogo la kuhifadhia wakati wa kusubiri bei. Hapo ndipo mradi ulipozaliwa, na hatukuwa tumemtaja mfadhili yeyote.

Tatizo letu tunalijua vizuri. Kuna haja gani ya kulipima?

Kwa sababu anayetoa fedha halijui, na kwa sababu baada ya miaka miwili mtaulizwa ni nini kimebadilika. Bila kupima hali ilivyokuwa kabla ya mradi, hakuna mtu atakayeweza kujibu, hata ninyi wenyewe.

Kupima hakuhitaji mtaalamu kutoka chuo kikuu. Kwa kikundi cha dagaa inatosha daftari lenye safu chache: tarehe, ndoo za dagaa wabichi zilizonunuliwa na bei yake, kilo zilizopatikana baada ya kukauka, kilo zilizouzwa kwa ajili ya chakula cha binadamu, kilo zilizoishia kwenye chakula cha mifugo, bei ya kila kundi, na hali ya hewa ya siku hiyo. Daftari la aina hiyo nililiona kwa mweka hazina wa kikundi kimoja, la kurasa 96, amelifunga kwenye kipande cha kanga lisilowe, likinukia dagaa na likiwa na alama za vidole vyenye magamba kwenye kila ukurasa. Sijawahi kuona kiambatisho cha andiko kilichonishawishi kuliko kile.

Zingatieni mambo mawili. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na mwezi unapokuwa mkubwa mitumbwi mingi hupumzika. Hivyo kupima kwa siku kumi tu kunaweza kuangukia kwenye giza lote au kwenye mbalamwezi yote na kuwapa picha isiyo sahihi. Pia, vipimo vya kiangazi peke yake vitaficha hasara ambayo mradi unakusudia kuiondoa. Wiki sita zinazogusa sehemu ya masika ni mwanzo mzuri. Kwa takwimu pana zaidi muulizeni afisa uvuvi wa halmashauri, au kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi kilichopo hapa Mwanza.

Ni nani lazima washirikishwe kabla ya kuandika?

Kwanza ni wale wenye tatizo wenyewe, na si viongozi wao tu. Kikao cha wanachama wote, chenye muhtasari na orodha ya mahudhurio iliyosainiwa, kina uzito mkubwa. Kwa miradi ya mwaloni, BMU (kikundi cha jamii cha usimamizi wa mwalo) lazima ijue tangu mwanzo, kwa kuwa ndiyo inayosimamia rasilimali za uvuvi katika eneo hilo, na mara nyingi ndiyo inayojua ni nani anayedai kiwanja mnachokiangalia kama hakina mwenyewe. Kisha serikali ya kijiji au ya mtaa. Angalieni kama jambo lenu limo katika mpango wa kijiji ulioibuliwa kwa njia shirikishi iitwayo Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Kama limo, nukuuni ukurasa wake, na kama halimo, ombeni liingizwe kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu.

Ningependa kusisitiza jambo ambalo halionekani kwenye miongozo ya wafadhili. Pangeni vikao kwa kalenda ya ziwa. Ukiitisha kikao asubuhi ya siku za giza, wanawake watakuwa wanaanika na wavuvi watakuwa wamelala baada ya kukesha, na watakaohudhuria ni wale wasiohusika sana na uvuvi. Baadaye mradi utabeba mawazo ya hao waliokuwa na nafasi ya kukaa.

Kikundi chetu hakijasajiliwa. Tunaweza kuomba?

Kwa kawaida hapana, ila mnaweza kuingia chini ya asasi iliyosajiliwa inayokubali kuwa mwombaji mkuu, kwa makubaliano ya maandishi yanayoonyesha nani atashika fedha na nani atafanya kazi gani.

Usajili utegemee mnachofanya. Kikundi cha kijamii hujisajili kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, na hapo ndipo wengi wanapaswa kuanzia. Asasi inayotaka kufanya kazi za kijamii kwa upana zaidi hujisajili kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, chini ya Sheria Namba 24 ya mwaka 2002, na tangu marekebisho ya mwaka 2019 cheti chake hudumu miaka 10 kabla ya kuhuishwa. Wanaouza mazao kwa pamoja wanaweza kufaa zaidi kuwa chama cha ushirika chini ya sheria ya mwaka 2013, na vikundi vya kuweka na kukopa kama VICOBA vina utaratibu wao chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Msikimbilie kuwa shirika lisilo la kiserikali kwa sababu tu jina linaonekana kubwa. Taarifa za kila mwaka, ada na ukaguzi wa hesabu vinakuja pamoja nalo, na asasi iliyoshindwa kuvitimiza huonekana mbaya zaidi kuliko kikundi kidogo kilicho safi.

Pamoja na cheti, andaeni katiba, namba ya mlipakodi kutoka TRA, na akaunti ya benki kwa jina la kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja. Akaunti ya mwenyekiti haikubaliki, hata awe mwaminifu namna gani.

Mradi wetu uko ufukweni. Kuna vibali vya kufikiria?

Vipo, na hapa ndipo nimeona miradi mizuri ikikwama baada ya kupata fedha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Ghala la matofali mnalotaka kulijenga hatua ishirini kutoka majini liko ndani ya eneo hilo. Nendeni ofisi ya Kanda ya Ziwa ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, mkaulize kabla ya kuchora ramani, kisha pimeni kwa kamba.

Anayetaka kufuga samaki kwenye vizimba azungumze mapema na afisa uvuvi, na NEMC, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, kwa kuwa kila ofisi ina kibali chake. Kwa ardhi, mfadhili wa majengo au visima atataka kuona maandishi ya umiliki au ya kukubaliwa kutumia eneo. Ahadi ya mdomo ya mzee mwenye shamba, hata aliyoitoa mbele ya watu, haitoshi. Mzee akifariki, warithi hawatakuwa wamesikia.

Andiko lina sehemu zipi?

Kila mfadhili ana fomu yake, na fomu hiyo ifuatwe kama ilivyo. Hata hivyo karibu zote huuliza mambo yaleyale: tatizo na ushahidi wake, walengwa, lengo na matokeo, shughuli na mpango kazi, bajeti, ufuatiliaji na tathmini, hatari zinazoweza kutokea, uwezo wa mwombaji, na uendelevu. Baadhi, ukiwemo Umoja wa Ulaya, huanza kwa kutaka dokezo fupi la wazo na kuwaalika waliofaulu peke yao kuandika andiko kamili.

Chombo kinachowatisha wengi ni jedwali la mantiki ya mradi, ambalo lilibuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani na baadaye likaenea kwa wafadhili wengine. Lisomeni kutoka chini kwenda juu. Tukijenga vichanja 40 na kuwafunza wanachama kuvitumia, dagaa watakauka bila mchanga. Dagaa wakikauka bila mchanga, sehemu inayouzwa kama chakula cha mifugo itapungua. Ikipungua, kipato cha kaya kitaongezeka. Kwa kila hatua jiulizeni: ni nini lazima kiwe kweli ili hatua inayofuata itokee? Katika mfano huu, lazima mnunuzi wa Kirumba akubali kulipa zaidi kwa dagaa safi. Je, mmemuuliza? Mkipanda meli na kwenda kumuuliza, na kurudi na jibu lake, mmefanya kazi ambayo waombaji wengi hawaifanyi.

Viashiria, yaani vipimo vya kuonyesha mafanikio, viwe vichache na vinavyoweza kuhesabika kwenye daftari lilelile la mwanzo. Kuandika kwamba "wanawake watawezeshwa" hakumpi msomaji kitu cha kushika. Kuandika kwamba sehemu ya dagaa inayouzwa kama chakula cha mifugo itashuka kutoka theluthi moja hadi moja ya kumi katika masika ya pili ya mradi, ikiwa ndivyo vipimo vyenu vinavyoonyesha, kunampa.

Bajeti iandaliweje?

Bajeti ndiyo ukurasa unaosomwa kwanza na watu wengi wanaopitia maombi, nami nawaomba muupe muda kuliko kurasa nyingine zote. Mtu anaweza kuficha udhaifu wa wazo kwa maneno mazuri, lakini hesabu humfichua.

Kila mstari utokane na shughuli iliyomo kwenye mpango kazi, na kila kiasi kiwe na mchanganuo wake. Usiandike "vichanja: milioni kadhaa". Kichanja kimoja chenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 1.2 kinahitaji mita za mraba 12 za wavu. Vichanja 40 vinahitaji 480. Kama kila kimoja kina nguzo 14, mnahitaji nguzo 560. Fundi mmoja na msaidizi wake wanajenga vingapi kwa siku? Jibu hilo litawapa siku za kazi, na siku hizo zilingane na kalenda mliyoweka kwenye mpango kazi. Nimewahi kupeleka andiko ambalo ujenzi ulipangwa wiki tatu wakati bajeti ililipa fundi kwa wiki saba, na msomaji mmoja makini aliona.

Bei zitoke kwa wauzaji, angalau profoma (hati za bei za muuzaji) tatu kwa kila kitu kikubwa, na ziwe za mahali mtakaponunulia. Bei ya saruji katika maduka ya Mwanza mjini si bei ya saruji iliyofika kisiwa cha Ukara. Kuna mpakiaji wa bandarini, kuna meli hadi Nansio, kuna gari hadi ng'ambo ya pili ya kisiwa cha Ukerewe, halafu chombo kingine cha majini, na kila mmoja anataka malipo yake. Kikundi kinachosahau usafirishaji huishia kujenga theluthi mbili ya ghala. Angalieni pia kama bei imejumuisha VAT ya asilimia 18, na kama mfadhili anakubali kulipia kodi hiyo, maana wengine hawakubali.

Ruzuku ikiandikwa kwa dola au euro ilhali matumizi yenu ni ya shilingi, elezeni kiwango mlichotumia kubadilishia fedha na tarehe yake. Gharama za uendeshaji wa ofisi zina ukomo wake: katika ruzuku za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, gharama zisizo za moja kwa moja kwa kawaida hazizidi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja. Posho za vikao zikizidi gharama za kazi yenyewe, mfadhili atauliza mradi ni wa nani.

Hatuna fedha. Mchango wetu utakuwa nini?

Nguvu kazi, eneo, mawe, mchanga wa kujengea, miti, chumba cha kuhifadhia vifaa, muda wa viongozi. Vyote hivi vina thamani ya fedha na vinapaswa kuhesabiwa. Wanachama 30 wakifanya kazi siku 6 kila mmoja, hizo ni siku 180. Zidisheni kwa ujira wa kibarua wa eneo lenu, na muweke orodha ya waliofika kila siku. Msiongeze. Mchango uliotiwa chumvi hudaiwa kwenye ukaguzi kama fedha halisi.

Wanauliza kuhusu uendelevu. Tujibu nini?

Jibu la "jamii itaendeleza mradi" limeandikwa mara nyingi mno na halimaanishi kitu. Wavu wa kichanja hukatika kwa jua na kwa kucha za kunguru wanaowania dagaa. Nani atanunua mwingine, kwa fedha ipi, na iliyokusanywa vipi? Kikundi kikikubaliana kwamba kila anayeanika analipa kiasi kidogo kwa kila ndoo, na kwamba fedha hiyo inakaa kwenye akaunti ya matengenezo tu, andikeni hivyo na mwambatishe muhtasari wa kikao kilichopitisha uamuzi. Pia anzeni kukusanya kabla ya ruzuku kuja, hata kama ni kwa kichanja kimoja cha majaribio. Kichanja kimoja kinachotumika kina nguvu kuliko ahadi ya arobaini.

Wafadhili wa kuangalia ni wapi?

Kwa mazingira na ziwa, Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia, inayotekelezwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na iliyoanza mwaka 1992, imelenga vikundi vya kijamii na asasi ndogo. Kwa miaka mingi kikomo chake cha kawaida kilikuwa dola 50,000 za Marekani kwa mradi, na maji yanayomilikiwa na nchi zaidi ya moja, kama ziwa letu linalogawanywa na Tanzania, Uganda na Kenya, ni miongoni mwa maeneo yake. Ubalozi wa Japani una ruzuku za miradi ya ngazi ya chini, zilizoanza duniani mwaka 1989, zinazofaa madarasa, zahanati, visima na vifaa, na zisizofaa mishahara wala gharama za kila siku. Ubalozi wa Kanada una mfuko wa miradi midogo ya muda mfupi. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam hutoa ruzuku kwa asasi za kiraia (AZAKI) za hapa nchini.

Wale waliozoea fedha za Marekani wanajua kilichotokea: misaada ya nje ilisimamishwa Januari 2025, na USAID, shirika la misaada la Marekani, likakoma kuendesha misaada tarehe 1 Julai mwaka huo. Vituo vya afya na asasi nyingi za kanda hii viliguswa, na nimekaa na vijana waliopoteza kazi bila kosa lolote. Kwa sababu hiyo nawashauri msitegemee mfuko mmoja kwa kila kitu, na msiache mchango wa halmashauri na wa wanachama ukauke kwa kuwa kuna mgeni mwenye fedha.

Lazima tuandike kwa Kiingereza?

Someni tangazo. Mengi yanataka Kiingereza, lakini si yote, na Programu ya Ruzuku Ndogo niliyoitaja imetoa nafasi kwa lugha za wenyeji. Hata panapotakiwa Kiingereza, fikirini na kukubaliana kwa Kiswahili kwanza, andiko lote lisomwe kwa sauti mbele ya wanachama, kisha litafsiriwe. Kinyume cha hapo, mwenyekiti anakuwa na mradi ambao kikundi hakijawahi kuusikia.

Kuna mtu anataka asilimia 10 ya ruzuku ili atuandikie. Tukubali?

Hapana. Wafadhili wengi hawaruhusu malipo hayo kutoka kwenye ruzuku, na ili kuyalipa itabidi mdanganye mahali fulani kwenye bajeti. Mkihitaji msaada wa kuandika, mlipeni mtu kwa kazi na siku alizofanya, kwa fedha zenu, na abaki na kikundi hadi kila mjumbe wa kamati aweze kueleza kila mstari. Na yeyote anayejiita mfadhili, halafu akadai ada ya usajili au ya kufungua faili kwa simu, ni tapeli.

Andiko letu limekataliwa. Tufanye nini?

Ombeni maoni ya waliolipitia, kwa barua yenye heshima, hata kama tangazo halikuahidi maoni. Niliwahi kushiriki kuandika mradi wa kutengeneza mkaa mbadala kwa gugu maji, na tuliuamini sana. Ulirudi ukiwa na swali moja tu pembeni: gugu maji litapatikana ufukweni kwenu miezi mingapi kwa mwaka? Hatukuwa na jibu. Kila mkazi wa mwambao anajua kwamba gugu maji hutembea na upepo. Unaamka ghuba imefungwa, mtumbwi haupiti, na kabla ya jioni maji yako wazi na gugu limehamia kwa jirani. Tulikuwa tunaijua hali hiyo kwa macho yetu na hatukuiweka kwenye hesabu ya mashine tuliyotaka kununua. Nilihuzunika kwa muda mrefu, lakini swali lile lilinifundisha kuandika kuliko semina zote nilizohudhuria. Rekebisheni, na mkipeleka tena elezeni kilichobadilika.

Fedha zimeingia. Nini kwanza?

Someni mkataba wote katika kikao, kwa Kiswahili. Kwa mashirika yasiyo ya kiserikali, kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa, na siku hizo hupita mkiwa bado mnashangilia. Wekeni jalada la hati za malipo, risiti za mashine ya kodi (EFD) na mihtasari tangu shilingi ya kwanza. Wazee walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkikwama, mjulisheni mfadhili mapema na kwa maandishi. Mvua zikichelewesha ujenzi kwa mwezi, ombeni muda kabla haujaisha. Ombi la namna hiyo hukubaliwa mara nyingi. Kuhamisha fedha kutoka mstari mmoja wa bajeti kwenda mwingine bila ruhusa ndilo kosa ninaloliona zaidi, na mara nyingi hufanywa na watu waadilifu waliotaka tu kazi iende.

Mfadhili anakuja kututembelea. Tujiandae vipi?

Msifute ratiba ya kazi kwa ajili yake. Kama ni siku za giza, mleteni mwaloni saa moja asubuhi, wakati ndoo zinashuka kutoka mitumbwini. Muonyesheni vichanja vinavyotumika pamoja na kile ambacho wavu wake umechanika, na mweka hazina amfungulie daftari kwenye ukurasa wa wiki iliyopita, aonyeshe fedha ya matengenezo iliyokusanywa na risiti ya wavu mpya.